KIPUTO KILICHOPINDA, SPEKE KARAGWE, NA MSTARI WA DIGRII 1 KUSINI

Nimekuwa kimya wiki mbili, sababu ni majaribio na zile semina za saa moja asubuhi ambazo mwalimu anafika saa mbili. Leo nimepata wasaa. Kuna jambo limekaa kichwani tangu likizo iliyopita nikiwa nyumbani Igurwa, na wenzangu wa chumbani nimeshawapigia kelele nalo mpaka wamechoka. Sasa zamu yenu. Linahusu kitu kidogo kuliko njegere: kile kiputo cha hewa kinachoelea ndani ya pimamaji.

Pimamaji mnaijua. Fundi mwashi yeyote anayo, ile fimbo yenye kichupa katikati. Kichupa kimejazwa spiriti, si maji ya bombani, kikaachwa na hewa kidogo. Kiputo kikikaa kati ya mistari miwili, ukuta umelala sawa. Aliyekibuni ni Mfaransa, Melchisédech Thévenot, mwaka 1661, na tangu hapo kimeingia kwenye kila kifaa kinachotaka kujua usawa uko wapi: vifaa vya wapima ardhi, mizinga ya vita, hadi kamera. Kamera za kukunja za mwanzoni mwa karne ya 20 zilikuwa na kiputo pembeni ya kioo cha kutazamia. Hata leo kuna vioo vya kuchungulia ambavyo unapachika juu ya kamera, pale panapokaa flashi, kwa ajili ya lenzi zinazoona eneo pana, na ndani yake kuna kiputo. Sababu ni kwamba lenzi pana haisamehi. Ukiinamisha kamera kidogo tu, nyumba zinaanza kuegemeana kama watu waliotoka kwenye lubisi.

Kwa mtu wa pwani hilo si tatizo kubwa, maana anayo bahari. Bahari imemchorea mstari ulionyooka nyuma ya kila picha, na akipinda anaona mwenyewe. Njoo Karagwe sasa! Vilima, mabonde, migomba inayoinama, vilima tena. Hakuna kitu kilicholala sawa ambacho jicho linaweza kukishika. Mteremko unaonekana tambarare kwa sababu wa jirani ni mkali zaidi. Kwa hiyo huku kwetu ama unakiamini kiputo ama unabahatisha.

Na hapo ndipo historia inapoingia, kwa sababu katika miaka 160 iliyopita watu kadhaa wamesimama kwenye vilima hivi wakiwa na vifaa vya kupimia, na yale waliyoyaandika yameamua nani leo ana kitambulisho cha nchi gani.

Wa kwanza wenye kumbukumbu za maandishi ni John Hanning Speke na James Augustus Grant. Walifika kwa Omukama Rumanyika mwishoni mwa Novemba 1861, wakiwa njiani kutafuta chanzo cha Nile. Sote tulifundishwa hivyo sekondari, sentensi moja, kisha mwalimu anaendelea na Stanley. Kisichosemwa ni kwamba safari ile ilianza ikiwa na kamera. Grant alipiga picha Zanzibar mwaka 1860. Enzi hizo picha ilikuwa shughuli pevu: unapaka dawa kwenye kioo, unapiga kikiwa bado kibichi, unakisafisha hapohapo gizani. Giza lenyewe lilikuwa ndani ya hema dogo, kwenye joto la pwani. Speke akaona mwenzake atakufa kabla hawajafika popote, vifaa vikarudishwa, na Grant akaingia bara na penseli na rangi za maji. Ndiyo maana Karagwe ya Rumanyika hatuna picha yake hata moja ya kamera kutoka safari ile. Tuna michoro.

Mimi hili linanikera kidogo, nikiri. Fikiria picha moja tu ya Bweranyange ya mwaka 1862! Ila kwa upande mwingine Grant alipata muda mwingi wa kuchora kuliko alivyotaka. Mguu wake ulioza vibaya (madaktari waliosoma maelezo yake baadaye wanadhani ni kile kidonda kiitwacho Buruli), hakuweza kutembea, na Speke alipoondoka kwenda Buganda Januari 1862 alimwacha Karagwe mpaka Aprili. Miezi mitatu mgonjwa, mgeni wa Omukama, mbele ya ziwa ambalo wao walilibandika jina la Little Windermere kwa kukumbuka kwao. Michoro ile ndiyo ilitumika kutengeneza picha za kitabu cha Speke kilichotoka 1863.

Kamera imekwenda, lakini vifaa vya kupimia vilibaki. Na hapa naomba mnivumilie kidogo, maana nachukua Jiografia pia.

Kujua uko latitudo gani unapima urefu wa jua au nyota juu ya usawa. Baharini usawa unaona kwa macho. Nchi kavu wasafiri kama Speke walibeba sinia la zebaki. Zebaki ikitulia inakuwa kioo kilicholala sawasawa kabisa, unapima pembe kati ya nyota yenyewe na nyota iliyomo ndani ya sinia, unagawa kwa mbili, basi. Hakuna kiputo hapo cha kukudanganya, ila upepo ukivuma umekwisha. Longitudo ni ugomvi mwingine, inataka saa. Dunia inazunguka digrii 15 kwa saa, maana yake saa yako ikikosea sekunde 4 tu, huku karibu na ikweta umeshajihamisha kilomita 1.8 na ushee. Ikikosea dakika nzima, umejihamisha karibu kilomita 28. Saa zilizopanda na kushuka mabonde kichwani kwa mpagazi kwa miezi... jazeni wenyewe. Urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari walipima kwa kuchemsha maji, kwa sababu maji huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri unavyopanda.

Kipimajoto kikiwa kibovu je? Tunao mfano. Mwaka 1858, kwenye safari yake ya kwanza akiwa na Burton, vifaa vingi vilishavunjika. Kwa kipimajoto kilichobaki Ziwa Tanganyika likapewa kama futi 1,850 hivi. Leo tunajua liko mita 773, yaani zaidi ya futi 2,500. Kosa la zaidi ya mita 200, kwa chombo kimoja! Ajabu ni kwamba Ziwa Viktoria alilipatia karibu sawasawa mwaka huohuo. Kosa la Tanganyika halikubaki kwenye daftari. Lilibebwa hadi kwenye mabishano ya wasomi wa London kuhusu kama maji ya Tanganyika yanaweza kupanda kaskazini hadi Nile, mpaka Stanley na Livingstone walipokwenda wenyewe mwaka 1871 na kukuta mto Rusizi unaingia ziwani badala ya kutoka.

Sasa Mfumbiro. Hili ndilo linalonigusa.

Akiwa Karagwe, Speke alitazama magharibi, ng'ambo ya bonde la Kagera na vilima vya Rwanda, akaona vilele vyenye ncha vimesimama mbali. Akaambiwa habari za Mfumbiro. Akakisia mkubwa wao una futi 10,000, akauandika, ukachorwa kwenye ramani kama mlima mmoja. Ukweli ni kwamba ni safu nzima ya volkano, ile tunayoiita Virunga: Muhavura una mita 4,127, Karisimbi mita 4,507. Futi 10,000 ni kama mita 3,050, kwa hiyo milima ilikatwa shingo.

Mbona kosa kubwa hivyo? Hesabu ifanyeni pamoja nami. Chukua umbali wa kilomita 150 kutoka kilima cha Karagwe chenye mita 1,600 hadi Muhavura. Tofauti ya urefu ni mita 2,500 hivi. Lakini dunia ni mviringo, na kwa umbali huo mgongo wake unameza karibu mita 1,500 hata ukihesabu jinsi hewa inavyopinda mwanga. Unabaki na mita 1,000 kwa kilomita 150. Hiyo ni kama digrii 0.4 juu ya usawa. Mwezi mpevu una upana wa nusu digrii! Yaani mlima mkubwa kuliko kitu chochote ulichowahi kuona kwenu unakaa juu ya usawa kwa kimo kisichofika upana wa mwezi. Hapo jicho tupu linakisia tu, na kifaa chenye kosa la digrii 1 ni kama hakipo kabisa.

Basi mlima huo uliokisiwa kutoka kwetu ukaingia kwenye mkataba. Tarehe 1 Julai 1890, Berlin, Uingereza na Ujerumani wakasaini ule mkataba wa Heligoland na Zanzibar. Magharibi ya Ziwa Viktoria wakachagua latitudo ya digrii 1 kusini iwe mpaka, rula juu ya karatasi, hadi kwenye mpaka wa Kongo ya Mfalme Leopold. Lakini Waingereza wakaweka sharti: mlima Mfumbiro ni wetu. Ukija kuonekana uko kusini ya mstari, mstari utapinda kuuzunguka, kisha urudi. Soma tena. Mataifa mawili yanasaini juu ya mlima ambao hakuna aliyeketi mezani aliyewahi kuufikia, na hawajui uko upande gani wa mstari wao.

Volkano zile zote ziko kusini ya mstari, kama digrii 1 na dakika 20 na kitu. Na siyo mlima mmoja. Ikachukua miaka 20. Mwaka 1909 Waingereza na Wabelgiji walipeleka askari maeneo yale na walikaribia kupigana, mpaka makubaliano ya Brussels ya Mei 14, 1910, ambayo yaliacha rula yakafuata vilele vyenyewe, Sabinyo na Muhavura. Eneo la Kisoro, Bufumbira, likawa Uganda. Jina la Bufumbira na Mfumbiro ni ndugu, mnaliona wenyewe.

Kabla ya hapo, 1902 hadi 1904, ilikuja tume ya kuutafuta ule mstari ardhini, kuanzia ziwani kwenda magharibi. Upande wa Waingereza aliongoza Luteni Kanali Delmé-Radcliffe, upande wa Wajerumani Kapteni Schlobach. Hawa hawakuja na sinia la zebaki peke yake. Walikuja na theodolaiti, ile darubini ya mpima ardhi inayosimama kwa miguu mitatu, na roho ya theodolaiti ni kiputo. Pembe zote za juu na chini zinahesabiwa kuanzia pale kiputo kinaposema ni sawa.

Digrii 1 ya latitudo ni kama kilomita 110.6. Dakika 1 ni kilomita 1.84. Sekunde 1 ni mita 31 hivi, urefu wa nyumba mbili tatu na ua wake. Kiputo kikihama kidogo, kiasi cha sekunde 20 tu ambazo kwa macho hazifiki upana wa kucha, na mpimaji asishtuke, nyota moja inampa latitudo iliyohama mita 600. Mita 600 kwetu ni kitongoji. Ni shamba la kahawa la mtu, kisima, na kaburi la baba yake.

Ndiyo maana wapimaji hawakukiamini kiputo, walikihoji. Njia yao ni rahisi hadi unacheka. Unapima, kisha unakigeuza kifaa chote nyuma mbele, digrii 180, unapima tena. Kosa la kiputo ambalo mwanzo lilikuongezea, sasa linakupunguzia. Unachukua wastani, limejifuta lenyewe. Na ukitaka kukirekebisha, kosa unaloliona baada ya kugeuza ni mara mbili ya kosa lenyewe, kwa hiyo nusu unaiondoa kwa skrubu ya kiputo na nusu kwa skrubu za miguu. Tena walichagua nyota moja kaskazini na nyingine kusini zenye urefu unaokaribiana, ili zile sekunde zikatane.

Kuna kosa moja tu ambalo kugeuza hakulioni. Kiputo hakijui dunia ya kwenye ramani, kinajua uzito unavuta wapi. Mlima mkubwa ukiwa pembeni unavuta pia. Maskelyne alilipima hilo Scotland mwaka 1774 kwenye mlima Schiehallion, akapata timazi inavutwa na mlima kwa sekunde kadhaa kila upande. Kwetu kuna Rwenzori, kuna lile bonde la ufa lenye pengo la mawe. Kwa hiyo kiputo kizima kabisa, kilichogeuzwa na kuhakikiwa, bado kinaweza kukuweka makumi ya mita kutoka pale hesabu za ramani zinapotaka. Moja ya sababu za kupima ule mnyororo wa longitudo 30 mashariki kutoka Cape kwenda Cairo, wazo la mnajimu David Gill tangu 1879, ilikuwa kujua umbo halisi la dunia ili makosa kama haya yahesabike. Kipande cha Uganda kilipimwa 1908 na 1909, cha Tanganyika miaka ya 1930 chini ya Martin Hotine, na pengo la mwisho lilizibwa 1954. Ramani zetu za vipeo zilizochorwa kwa Arc 1960 jina lao limetoka hapo.

Longitudo hiyohiyo 30, kwa taarifa yenu, ndiyo Uingereza na Leopold waliifanya mpaka mwaka 1894, na tume zilipofika ardhini zikakuta ramani za zamani zimeikosea kwa kilomita kadhaa. Saa, tena saa.

Nije kwenye kamera, maana kuna anayeuliza vinahusianaje.

Likizo nilitaka kurudia alichofanya Speke: kusimama ukingo wa magharibi wa Karagwe na kupiga picha nyingi za kuunganisha, kutoka kusini hadi kaskazini, nione kama Mfumbiro unaonekana na uko juu ya usawa kwa kiasi gani. Kamera na kile kioo cha kuchungulia chenye kiputo vilikuwa vya kaka yangu, alikinunua kioo kimetumika, duka gani halina maana hapa. Picha za majaribio nyumbani zikatoka zimepanda upande wa kulia. Ukiziunganisha, Igurwa yote inapaa kwenda mbinguni kama ndege.

Kwanza nikafanya ule mtihani wa kugeuza. Kipande cha kioo cha dirisha juu ya meza, kamera juu yake, angalia kiputo, geuza kamera yote. Mantiki yake ni hii: kama meza ndiyo iliyoinama na kiputo ni kizima, kiputo kitakimbilia upande uleule wa chumba. Kama meza imelala sawa na kiputo ndicho kibovu, kitabaki upande uleule wa kamera. Chetu kilibaki upande wa kamera, ila kikasogea kidogo. Yaani vyote viwili, meza na kiputo, teh teh teh.

Lakini ngoja. Kiputo kibovu siyo mshitakiwa peke yake. Inawezekana kichupa ni kizima na pale pa kupachika ndipo palipolegea. Nikakitoa kioo kwenye kamera nikakiweka peke yake mezani, nikageuza tena. Kosa lilelile. Basi ni kichupa, kimegandishwa na gundi kikiwa kimepinda, na hakina skrubu hata moja ya kurekebishia. Theodolaiti ya 1902 ilikuwa na skrubu. Sisi wa leo tunauziwa gundi.

Simu ina pimamaji yake, mtasema. Ina, na nayo inahitaji kuwekwa sawa kwanza juu ya kitu unachokijua ni sawa. Tumerudi palepale.

Kilichotuokoa ni mpira wa maji. Jirani yetu fundi, ambaye tunamwita baba mdogo, hajengi msingi bila mpira mwembamba wa kupenyesha mwanga, mita kumi hivi, uliojazwa maji. Ncha moja kona hii, ncha nyingine kona ile, maji yatakapotulia ndiyo usawa. Nilipomwomba akanitazama, akacheka.

"Toa hewa kwanza, mwanangu. Ukiacha hewa humo ndani, hata mimi nitakujengea nyumba ya kuteleza."

Nikaona ajabu hiyo. Kwenye pimamaji hewa ndiyo inayosema ukweli, kwenye mpira hewa ndiyo inayoharibu. Tukaugongagonga mpaka viputo vyote vikapanda na kutoka, tukaweka alama mbili za chaki kwenye ukuta wa ghala, mita nane kati yake. Kisha kamera kwenye miguu mitatu, kiputo kati kabisa kama kinavyotaka, piga. Kwenye kompyuta alama mbili zilikuwa nukta 4,000 kutoka moja hadi nyingine, na moja imekaa juu ya mwenzake kwa nukta 70. Sabini kwa elfu nne ni digrii 1. Kumbukeni Mfumbiro: digrii 0.4.

Tiba yake haina fahari. Unainamisha kamera mpaka alama mbili za ukutani zinakuwa sambamba na ukingo wa picha, unaangalia kiputo kimekimbilia wapi, unachora hapo duara dogo juu ya kioo kwa kalamu ya wino usiofutika. Kuanzia siku hiyo kati ni pale ulipochora, siyo pale kiwandani walipochora. Kisha unarudia kwa mbele na nyuma, siyo kulia na kushoto tu, na unarudia tena kesho yake asubuhi kukiwa na baridi, kwa sababu joto linabadilisha ukubwa wa kiputo.

Mfumbiro haukuonekana, wadau. Agosti huku kwetu ni vumbi na moshi wa mashamba, hata vilima vya Rwanda vilikuwa kama vimechorwa kwa maziwa. Wakati wake ni baada ya mvua za kwanza, na mvua za kwanza zikishika mimi nimesharudi chuoni. Picha lakini zimelala sawa. Najua katika kila moja mstari wa usawa unapita wapi, na siku kaka akinipigia nyingine Novemba kutoka palepale nitajua pa kutafuta.

Mtu ataniuliza, yote haya kwa ajili ya mlima? Hapana. Bibi yangu mpaka leo anahesabu umri wa watoto wake kwa "kabla ya vita" na "baada ya vita". Tazama ramani ya Kagera. Mto unatoka kusini, unatutenganisha Karagwe na Kyerwa na Rwanda, unafika karibu na digrii 1, unageuka mashariki. Pale Murongo mpaka unafuata mto wenyewe: ukivuka daraja uko Kikagati, Uganda, na hata mtoto anajua yuko wapi. Mbele kidogo mto unaachana na mstari, unashuka kusini hadi Kyaka, kisha unapanda tena kaskazini na kuingia ziwani ndani ya Uganda. Mpaka wenyewe hauufuati huko. Unakwenda kwa nguzo za rula ya 1890. Ardhi iliyobaki kati ya mto na nguzo ni kama kilomita za mraba 1,800, na ndiyo Idi Amin aliyoitangaza kuwa yake tarehe 1 Novemba 1978 baada ya kuivamia, akidai mpaka wa haki ni mto. Daraja la Kyaka likalipuliwa. Watu wakakimbia na walichoshika mkononi. Kampala iliangushwa Aprili 11, 1979.

Amin hakuwa anapima chochote, tusimpe sifa hiyo. Na Afrika ilishakubaliana Cairo mwaka 1964, kwa hoja iliyosukumwa na Mwalimu Nyerere mwenyewe, kwamba mipaka tuliyoikuta siku ya uhuru tutaiheshimu, imenyooka ama imepinda. Nguzo ikishakubaliwa na pande zote, nguzo ndiyo mpaka, hata kama kiputo cha 1903 kilikuwa kimehama sekunde 5. Mimi naliunga mkono hilo kwa mikono miwili, kwa sababu mbadala wake tumeuona. Ila kuna tofauti kati ya kukubali mstari na kufundisha kana kwamba ulishuka na mvua. Vitabu vya shule vinaandika "mpaka uliwekwa mwaka 1890", uliwekwa, bila mwekaji, bila kifaa, bila Rumanyika, bila ule mlima uliokisiwa kwa jicho kutoka kilimani kwetu.

Nikipangiwa mazoezi ya kufundisha shule ya huko mwakani, somo la mipaka nitakwenda nalo na mpira wa baba mdogo, ndoo ya maji na chaki. Wanafunzi wa kidato cha tatu wapige mstari wao wa usawa kwenye ukuta wa darasa, kila kundi na mpira wake, halafu tuone makundi manne yatakutana wapi. Baba mdogo ameshakubali kuazima, kwa sharti moja: niurudishe bila hewa.